Mchanga wa fundi, maji ya mtoto na mafundi wa Misri

SWALI: "Tunajenga, na mbele ya nyumba kuna lundo la mchanga wa fundi. Mwanangu wa miaka sita na nusu amehamia pale tangu shule zifungwe. Kwenye simu ya mjomba wake aliona video ya piramidi za Misri: watu wanakokota jiwe kubwa, mmoja anamwaga maji mbele yake. Basi sasa kazi yake ni kumwaga maji na kukokota tofali kwa kamba. Tofali linazama, anakasirika, na piramidi yake ya mchanga inabomoka kila mchana. Ameniuliza kama video ilikuwa ya uongo, nikakosa jibu. Mama mkwe anasema mtoto anapoteza muda, apelekwe tuisheni. Rafiki yangu naye kanitumia ujumbe kwamba utafiti umethibitisha mchezo wa kujenga unaongeza akili ya hesabu, nimnunulie seti ya matofali ya plastiki ambayo bei yake ni mifuko kadhaa ya saruji. Nimsikilize nani? Nimfundishe kujenga vizuri au nimwache? Na kingine: akishazama kwenye mchezo huo, hasikii hata akiitwa."

JIBU:

Nianze na swali la mtoto, kwa sababu ndilo lenye jibu la uhakika kuliko mengine yote uliyoniandikia. Mwambie leo hii kwamba kuhusu maji video haikudanganya. Alichokosea yeye ni kipimo, kosa ambalo lingemkuta hata mtu mzima anayedhani kwamba maji kidogo yakisaidia basi mengi yatasaidia zaidi. Kosa la pili ni dogo: tofali lake limekaa mchangani moja kwa moja, kwa hiyo linachimba kwa kona zake. Wamisri hawakukokota hivyo.

Mchoro uliozaa video za namna hiyo uko kwenye kaburi la mkuu mmoja wa jimbo aliyeitwa Djehutihotep, huko Deir el-Bersha, katikati ya Misri, wa karibu mwaka 1900 KK. Ukutani ilichorwa sanamu yake kubwa ya alabasta, yaani jiwe laini jeupe, ameketi, inahamishwa. Maandishi yaliyo hapo yanataja kimo cha dhiraa 13, yaani karibu mita 7, na wataalamu hukadiria kwamba uzito wake ulikaribia tani 58. Sanamu imekalishwa juu ya sleji, yaani mbao nene mbili zilizonyanyuka mbele, zimeunganishwa, bila gurudumu hata moja. Wanaume 172 wamepangwa mistari minne wakivuta kamba. Juu ya goti la sanamu amesimama mtu anayepiga makofi, na kazi yake ni ileile ya anayeitisha "harambee" wavuvi wanapopandisha chombo ufukweni: asipokuwepo, kila mmoja atavuta kwa wakati wake na mzigo hautasogea. Na miguuni pa sanamu yuko mtu ameinama, anamimina kitu kutoka mtungini, mbele tu ya sleji. Chini yao wanakuja wengine wamebeba mitungi.

Kwa muda mrefu wasomi wengi waliuona umiminaji ule kama ibada ya kutakasa, na hawakuwa na sababu mbaya, kwa kuwa kwenye mchoro huohuo kuna mtu anaifukizia sanamu uvumba. Mwaka 2014, wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam waliokuwa na Daniel Bonn waliamua kuuliza swali la mwanao: je, maji yanapunguza kazi? Walichofanya mnaweza kukifanya nyumbani. Walitandaza mchanga kwenye chombo, wakaweka sleji ndogo yenye mzigo, wakaivuta na kupima nguvu inayotumika, wakiongeza maji hatua kwa hatua. Kwenye mchanga mkavu, punje zilijilundika mbele ya sleji. Maji yalipotiwa kwa kiasi, lundo lile likatoweka na nguvu iliyohitajika ikashuka hadi karibu nusu. Walipozidisha maji, ikapanda tena. Kipimo kizuri kilikuwa kati ya asilimia 2 na 5 ya ujazo wa mchanga, kutegemea aina ya mchanga wenyewe.

Kwa nini iwe hivyo? Chota mchanga mkavu, kunja ngumi: unakuponyoka, kwa sababu hakuna kinachozishika punje. Ukikokota kitu kizito juu yake, punje hukimbilia mbele, na baada ya hatua chache hukokoti tu mzigo, unasukuma na kilima. Ukitia maji kidogo, kila mahali punje mbili zinapogusana hubaki tone dogo lililobanwa katikati, jembamba kiunoni, mfano wa kidaraja. Maji nayo hupenda kujikusanya yabaki na uso mdogo iwezekanavyo, ndiyo maana tone huwa la duara, kwa hiyo kile kidaraja huzivuta punje zake mbili zikaribiane. Kimoja hakina nguvu yoyote ya kutajwa. Mamilioni yake kwenye karai moja huufanya mchanga ukaze, na sleji ikapita juu yake badala ya kuulima. Sasa endelea kumwaga: vidaraja vinaungana, nafasi zote zinajaa, hakuna tena kiuno cha kuvuta chochote, na umebaki na tope.

Aliyekulia pwani anajua habari hii kwa nyayo zake. Maji yakipwa, baiskeli hupita kwenye mchanga ulioachwa sasa hivi kana kwamba iko barabarani. Ipandishe juu kwenye mchanga mkavu, au iteremshe hadi majini, utashuka uisukume.

Kwa hiyo mpe mtoto hesabu hii. Ndoo ya lita 20 ya mchanga mkavu inataka maji kati ya mililita 400 na lita 1, tuseme vikombe viwili hadi vinne vya chai, yachanganywe vizuri badala ya kumwagwa sehemu moja. Nashuku yeye anamwaga kopo zima mbele ya tofali. Mchanga wa ndani ya lundo huwa na unyevu tayari, basi utandazwe kwanza juani mpaka ukauke, la sivyo kipimo kitamdanganya. Tofali nalo liwekwe juu ya ubao laini, kamba ifungwe kwenye ubao. Akitaka kupima kama walivyopima Amsterdam, weka mchanga kwenye sinia juu ya meza, pitisha kamba ya ubao ukingoni mwa meza, mwishoni ning'iniza chupa tupu ya plastiki, kisha aongeze maji kwenye chupa polepole mpaka ubao usogee. Atie alama kwa kalamu. Arudie kwa mchanga mkavu, mbichi, na uliolowa chepechepe. Alama tatu kwenye chupa moja zitamjibu kuliko mimi na wewe.

Utafiti ule, hata hivyo, una mipaka yake, na mwanao akikua anapaswa kuijua. Sleji ya maabara ni ndogo sana ikilinganishwa na tani 58. Na kuonyesha kwamba maji yangesaidia si sawa na kuthibitisha kwamba mtu yule wa mchoroni aliyamimina kwa sababu hiyo tu. Mmisri wa zama zile asingeona shida kitendo kimoja kuwa ibada na kazi kwa pamoja. Tena Wamisri walijua njia nyingine ya kutelezesha mizigo. Huko Mirgissa, kwenye maporomoko ya pili ya Nile, wachimbuaji walikuta njia ya kukokotea mashua nchi kavu, imetandikwa magogo na kupakwa udongo wa mto. Udongo ule ukilowa unateleza kama bamia, na hapo hatuzungumzii tena vidaraja vya maji kati ya punje.

Jambo la kumsahihisha ni moja. Kama video ilionyesha jiwe la piramidi kuu ya Giza, imechanganya. Djehutihotep aliishi zaidi ya miaka 600 baada ya Khufu, mfalme mwenye piramidi hiyo, na kilichokokotwa pale ni sanamu. Kuhusu piramidi ya Khufu tuna ushahidi wa aina nyingine, na kwa maoni yangu ni mtamu zaidi. Mwaka 2013, timu ya Pierre Tallet ilipata kwenye bandari ya kale ya Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, vipande vya mafunjo vilivyoandikwa enzi za Khufu mwenyewe. Kati yake kuna daftari la kazi la msimamizi aitwaye Merer, aliyeongoza watu kama 40. Siku baada ya siku ameandika: leo tumepakia mawe Tura, leo tumelala njiani, leo tumefika. Tura ilikuwa na machimbo ya mawe meupe ya chokaa, ng'ambo ya pili ya Nile, na Merer aliyapeleka Giza kwa mashua, safari mbili au tatu kila siku kumi. Mawe mengi ya ndani ya piramidi yalichimbwa palepale Giza, hatua chache kutoka kwenye jengo, lakini haya meupe ya kufunikia nje yalipanda mashua. Kwa hiyo maji yalibeba piramidi kweli, ila zaidi kwa njia ya mto na mifereji kuliko kwa njia ya mtungi.

Kwenye miinuko, machimbo ya alabasta ya Hatnub yana njia ya mteremko iliyotangazwa mwaka 2018, yenye ngazi pande zote mbili na mashimo ya nguzo, ya enzi za Khufu au kabla. Inaelekea kamba zilizungushwa kwenye nguzo zile ili watu wavute na wengine wazuie mzigo usirudi. Namna hasa walivyopandisha mawe hadi juu kabisa ya piramidi yenyewe bado inabishaniwa, na anayekuambia ameimaliza siri hiyo kwa mbinu moja ana kitu anauza.

Akikuuliza kama wajenzi wa piramidi walikuwa watumwa, jibu ni gumu kidogo. Makaburi ya wafanyakazi yaliyogunduliwa Giza kuanzia mwaka 1990 yana mifupa ya watu waliovunjika wakatibiwa wakapona, na yako karibu na piramidi ya mfalme wao, heshima ambayo hakuna angempa mtumwa wa kutupwa. Kwenye mji waliokaa kumekutwa matanuri ya mikate na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa wingi. Lakini usimwambie kwamba walijitolea. Wengi waliitwa kwa zamu, kazi ikiwa ndiyo kodi yao kwa mfalme.

Piramidi yake inayobomoka mchana ina sababu ileile ya vidaraja. Asubuhi mchanga una unyevu, jua likipanda vidaraja vinakauka, punje zinarudi kuwa punje. Kundi lilelile la Bonn lilichapisha mwaka 2012 utafiti juu ya jumba bora la mchanga (ndiyo, watu wanalipwa mshahara kwa hili) na kukuta kwamba kwa kusimamisha mnara maji yanayotosha ni machache kuliko watu wanavyodhani, karibu asilimia 1 ya ujazo. Kwa ndoo yetu ya lita 20 hicho ni kikombe kimoja pungufu. Kinachobaki ni kushindilia, na ukishindilia vizuri mnara unasimama. Walikuta pia kwamba ukiongeza upana wa kitako mara mbili, kimo kinachoweza kusimama hakiongezeki mara mbili, kinaongezeka kama mara 1.6. Mwanao pengine ameshahisi hilo bila kulijua jina.

Mafundi wa Misri nao walilijifunza kwa hasara. Baba yake Khufu, mfalme Sneferu, alijenga piramidi moja huko Dahshur ambayo mpaka leo ina kiwiko. Inaanza kupanda kwa mwinuko wa digrii kama 54, halafu katikati inalala ghafla hadi kama 43. Sehemu yake ilikalia ardhi isiyo imara, nyufa zikatokea ndani, wakaziba, wakatia magogo ya mierezi kuzuia kuta, mwishowe wakapunguza mwinuko ili kupunguza mzigo. Piramidi iliyofuata, ile Nyekundu, walianza na digrii 43 tangu chini, kama mtu aliyeungua ulimi. Ni mwana ndiye aliyethubutu tena: piramidi ya Khufu ina digrii karibu 52 na ilipokamilika ilikuwa na kimo cha karibu mita 147. Mchanga mkavu ukiumwaga tu unajipanga wenyewe kwa mwinuko wa digrii kama 34, zaidi ya hapo unateremka. Kwa hiyo mtoto akikasirika kwamba lundo lake halitaki kuchongoka, hajashindwa. Ameufikia mpaka wa mchanga, na sasa anahitaji ama maji ama matofali.

Sasa tuje kwa Bibi na rafiki yako. Nasema bila kumpendelea mtu: wote wawili wana nusu ya hoja.

Rafiki yako amesikia jambo la kweli lililotiwa chumvi. Wapo watafiti wa Marekani waliowapa watoto wa miaka mitatu kazi ya kuiga jengo dogo la matofali wakiliangalia la mfano, na wakakuta waliojenga kwa usahihi zaidi walikuwa pia mbele katika hesabu za mwanzo. Lakini vitu viwili kwenda pamoja si hoja kwamba kimoja kimezaa kingine. Huenda mtoto yule anazungumzishwa sana nyumbani, na ndiyo sababu ya yote mawili. Upo utafiti wa mwaka 2007, wa Dimitri Christakis na wenzake, ambao ulikwenda hatua zaidi: familia zilipangwa kwa bahati nasibu, nyingine zikatumiwa matofali ya kuchezea pamoja na maelekezo kwa wazazi, nyingine zikasubiri. Miezi sita baadaye, watoto waliopata matofali walikuwa na alama bora zaidi. Za nini? Za lugha, si za hesabu. Walikuwa na umri kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na nusu, si sita. Na fedha za utafiti zilitoka kwa kampuni inayotengeneza matofali ya kuchezea. Hilo halifanyi matokeo kuwa ya uongo, ila ni vizuri ulijue kabla hujauza mifuko ya saruji.

Ninachokiamini baada ya kusoma mengi ya aina hii ni kwamba uwezo wa kuona umbo akilini, kuligeuza, kukisia litakaavyo likiegemezwa huku au kule, unafundishika. Mapitio makubwa ya tafiti 217 yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha hivyo, kwa watoto na kwa watu wazima. Uwezo huo unasaidia kwenye hesabu, ufundi na sayansi. Ila hautoki ndani ya plastiki. Mtoto akiwa na mchanga, vipande vya matofali, mbao, kamba na makopo ana karakana kubwa kuliko seti yoyote ya dukani. Weka fedha zako kwenye nyumba.

Kinachoonekana kusaidia sana ni mazungumzo yanayozunguka ujenzi. Wazazi wakicheza na mtoto kwa kusudi fulani la kujenga, hutumia maneno mengi zaidi ya mahali na maumbo kuliko wakiwa na vitu vilivyokwisha kuunganishwa. Na hapa Kiswahili kimetupa utajiri ambao hatuutumii. "Weka pale" na "weka mle" na "weka papo hapo" ni mahali patatu tofauti, na mtoto wa miaka sita anazijua tofauti hizo sikioni. Mwongezee kitako, kilele, pembe, ulalo, sambamba, kati kwa kati, kimo na kina. Usimfanyie somo. Ukipita na ndoo, sema tu: "Naona kitako cha upande wa mlangoni kimezidi."

Kuhusu kumfundisha au kumwacha, kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu lilinifanya nijione. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wadogo waliopewa kidude chenye siri kadhaa: sehemu ya kutoa mlio, ya kuwaka taa, ya muziki, kioo. Kwa baadhi, mtu mzima alionyesha kwa makusudi: "Tazama, hiki kinafanya hivi," akaliza. Kwa wengine alijifanya kama ameliza kwa bahati. Waliofundishwa walicheza muda mfupi zaidi na kuvumbua siri chache kuliko wenzao. Walifikiri sawasawa kabisa: mwalimu kanionyesha kimoja, basi kipo kimoja. Nimefundisha walimu wa madarasa ya awali kwa miaka, na ninajua mara ngapi nimemwonyesha mtoto jibu nikadhani nimemsaidia.

Hiyo haimaanishi umwache ahangaike peke yake. Akikuuliza, mjibu, nimekupa kipimo cha maji ili umpe. Lakini kabla hujampa, uliza: "Unadhani maji yamezidi au yamepungua? Tutajuaje?" Na mpe siku mbili za kukosea.

Siku mbili hizo zina sababu. Mwaka 1974 Annette Karmiloff-Smith na Bärbel Inhelder walieleza watoto waliopewa vipande vya mbao wavisawazishe juu ya ufito mwembamba. Vipande vingine vilikuwa vimefichwa uzito upande mmoja. Watoto wa miaka minne walivisawazisha, kwa kupapasa tu mpaka kikatulia. Wa miaka sita wakashindwa. Walikuwa wameshajitungia kanuni kwamba kila kitu husimama ukikiweka kati kwa kati, wakaking'ang'ania, kikaanguka, wakakirudisha palepale, wakasema hakiwezekani. Wa miaka minane au tisa walikisogeza upande wenye uzito. Yaani mtoto wa miaka sita alionekana mjinga kuliko mdogo wake kwa sababu alikuwa ameanza kufikiri. Mwanao yuko hapo hasa. Ana nadharia, kwamba maji husaidia, na anaimwaga kopo baada ya kopo. Hasira yake ni ya nadharia inayogongana na mchanga, na hiyo ni shule ambayo hakuna mwalimu wa tuisheni anayeweza kuiandika ubaoni.

Bibi naye msikilize. Mchezo wa kujenga haumfundishi mtoto kusoma. Hata kwa michezo ya kuigiza, ambayo watu wameisifu miaka mingi, mapitio ya mwaka 2013 ya Angeline Lillard na wenzake yalikuta ushahidi mwepesi kuliko sifa. Kama mwanao anakwenda darasa la pili bado hajui silabi, mkalishe dakika 20 au 30 kila siku asubuhi kabla jua halijawa kali, wewe au dada yake, msome pamoja. Tuisheni ya kutwa nzima likizoni kwa mtoto wa miaka sita sioni faida yake, labda mwalimu wake aseme kuna pengo mahususi. Zungumza na mwalimu huyo kwanza.

Sasa lile ulilolitaja mwishoni kama dogo: hasikii akiitwa. Mara nyingi ni kuzama tu, na mtoto anayeweza kuzama kwenye kazi moja saa nzima ana jambo jema. Ila mjaribu. Wakati hachezi, simama nyuma yake, mwite kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya chini, siku tofauti. Akikosa kuitika mara kwa mara, akiongeza sauti ya redio, akiuliza "nini?" kila mara, au kama masikio yake yamewahi kutoa usaha, mpeleke hospitali apimwe usikivu, asichunguliwe sikio tu kwa tochi. Nenda pia ukaonane na daktari wa watoto kama hawezi kukusimulia kwa sentensi zinazoeleweka alichokijenga, kama hakubali kabisa mtoto mwingine aguse wala ajiunge, kama anarudia tendo lilelile bila kulibadili kwa wiki nyingi na anaumia sana likikatizwa, au kama kuna kitu alikuwa anakiweza ameacha kukiweza. Kwa ulichoniandikia, mtoto anayeuliza kama video ni ya uongo, anayejaribu, anayekasirika na kurudi, sioni dalili hizo. Lakini mimi nasoma barua tu, daktari atamwona mtoto.

Akianza kula ule mchanga, usimcharaze. Mpeleke apimwe damu na minyoo, kwa sababu hamu ya udongo huweza kwenda pamoja na upungufu wa damu.

Na lundo lenyewe lina hatari zake, ambazo zinaniogopesha kuliko tuisheni. Asichimbe shimo linalozidi magoti yake, na handaki asichimbe kabisa: mchanga ukishuka juu ya mtoto, watu wazima wawili wenye koleo huweza kuchelewa. Saruji mbichi na chokaa huunguza ngozi na macho taratibu, mtoto hana habari mpaka jioni. Mwombe fundi atenge upande mmoja wa lundo, mbali na mahali anapochanganyia, na usiku ufunikwe turubai paka wasiufanye choo. Fundi akinung'unika, mwambie mtoto atakuwa anamrudishia mchanga wake kwa ndoo kila jioni. Anaweza hata kuhesabu ndoo.

Utamwambia pia kwamba si wa kwanza. Flinders Petrie alichimba mwaka 1889 mji wa Lahun, walimoishi wafanyakazi wa piramidi ya Senusret II pamoja na familia zao. Humo zilipatikana pia za kuzungusha za mbao, mipira ya ngozi, na vinyama vidogo vilivyofinyangwa kwa udongo wa Nile. Baba za watoto hao walikuwa kazini kwenye piramidi.

Bibi usimweke pembeni. Timu ya kukokota tofali imeshapata mvutaji na mmiminaji wa maji, lakini yule wa kusimama juu na kupiga makofi bado. Mwekee kiti kivulini karibu na lundo, mtoto amweleze kazi ya yule wa gotini, kisha Bibi aitishe harambee.